Kamusi ya wahuni wa London

Mwanangu niaje,

Ile listi ya maneno ya Kiingereza cha kale uliyonirushia nimeisoma yote, imenichekesha ila nusu yake ni maneno yanayozunguka tu kwenye simu za watu na hakuna anayesema yametoka wapi. Kama kweli umeyapenda haya mambo achana na hizo listi, itafute kamusi ya lugha ya mitaani ya Francis Grose, ilitoka London mwaka 1785, iko bure mtandaoni.

Sasa kwanini huyu mzee. Miaka 30 kabla yake, 1755, Samuel Johnson alishatoa kamusi kubwa yenye maneno kama elfu 42 hivi na mifano kibao kutoka kwenye vitabu vya waandishi wakubwa, na ni kazi ya maana sana siibezi, ila lugha ya wezi na mabaharia na walevi humo utaisikia kidogo sana. Grose ndo akaifuata hiyo. Alikuwa kapteni wa mgambo, mtu wa kuchora magofu na makanisa ya zamani, mnene balaa na mcheshi, mshkaji wa Robert Burns yule mshairi wa Scotland, na wanasema usiku alikuwa anazama kwenye vilabu vya pombe na vichochoro na msaidizi wake wanasikiliza watu wanavyoongea.

Sasa cheki alichokusanya. Kuna admiral of the narrow seas, yaani admirali wa bahari nyembamba, unajua ni nani? Ni mlevi anayemtapikia mapajani mtu aliyekaa mbele yake. Na ana makamu wake kabisa, vice admiral, huyo anakojoa chini ya meza kwenye viatu vya wenzake. Nilicheka peke yangu kwenye daladala mpaka watu wakageuka. Alafu kuna lanspresado, mtu anayekuja kwenye kampani na peni mbili tu mfukoni, si ndo wale wazee wetu wa ofa? Beau-nasty ni sharobaro kapigilia pamba kali ila mchafu. Mtu mwongeaji wanamwita sheep's head, kichwa cha kondoo, maana chote taya tupu, na hapo aliyewahi kupambana na supu ya kichwa haitaji kuelezewa. Mwalimu je? Flaybottomist, mchuna makalio! Sisi tuliopita kwenye fimbo za shule ya msingi tungelihitaji sana hilo neno.

Nyingine inabidi ujue historia kidogo. Dutch feast, karamu ya Kiholanzi, ni ile ambayo mwenye shughuli kalewa kabla ya wageni wake. Waingereza na Waholanzi walipigana vita tatu baharini kati ya 1652 na 1674, wakigombania biashara, na zaidi ya miaka mia baadae matusi yalikuwa bado yako mdomoni. Vita vinaisha, utani wa kilevi hauishi.

Kinachonishangaza mimi ni yapi yamepona. Kick the bucket, yaani kufa, kumbe imo humohumo kwa Grose na mpaka leo wanaisema, ila admirali wetu kapotea kabisa wakati walevi hawajapungua hata mmoja. Sioni kanuni yoyote hapo, bahati tu.

Na usidhani ya kwetu hayajaandikwa, watafiti wawili wa Ujerumani, Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling, walitoa kazi mwaka 2006 kuhusu lugha ya mitaani ya Tanzania ikiwa na kamusi ya maneno na misemo 1100. Hiyo nayo itafute, ujue mangapi bado unayatumia na mangapi ukiyasema leo madogo watakuita mzee.

Toleo la Grose utakalolipata kirahisi ni la 1811, hilo wameongeza watu wengine, mwenyewe alishafariki Dublin 1791. Usilisome kwa mpangilio, fungua popote tu. Na usimsomee bi mkubwa kwa sauti maana mengine humo hata mimi nimeshindwa kukuandikia hapa. Ukikutana na lililo kali zaidi ya admirali nitumie hata kama ni saa nane usiku.

Wasalimie home,
mshkaji wako