Idi Mubarak kwa binti aliyebaki na mama

Assalaam alaykum warahmatullah. Idi Mubarak ndugu zangu wa Pemba na Unguja, na mlio mbali na visiwa. Mwenyezi Mungu azikubali funga zetu, visimamo vyetu na fitri tulizozitoa kabla ya sala.

Mwaka huu salamu zangu za mwanzo ni za binti aliyebaki nyumbani na mama mzee, tena mama mgumu. Namjua, kwa sababu ni mimi, na ni wengi wa majirani zangu hapa Wete.

Usiku wa kuamkia Idi nilipika mkate wa kumimina. Mchele nimeusaga kwa tui zito na iliki, umeumuka, makaa nimeyapanga juu ya kifuniko. Mama akaubonyeza kwa kidole, akaangalia vitobo, akasema, "Angekuwepo dada yako, leo tungekula mkate." Kisha akarudi chumbani kupanga noti mpya za elfu moja moja, mkono wa Idi wa wajukuu, na wa kwanza kuwekewa ni mwanangu. Pesa hizo ni za pensheni jamii, ile iliyoanza mwaka 2016 kwa wazee wa miaka 70 na zaidi. Sijamuona akijinunulia hata kanga kwa pesa hiyo. Ukali wake wote ni wangu, na mapenzi yake hunifikia kupitia kwa wanangu.

Alitulea kwa karafuu za watu, akichambua mpaka usiku mwingi kwa mwanga wa kibatari. Maneno laini hakuna aliyempa, na yeye angeyatoa wapi? Kila ninapoomba Mola awarehemu wazee wangu kama walivyonilea nilipokuwa mdogo, usiku ule wa karafuu hunijia.

Surat Al-Israa, aya ya 23, inatukataza hata kuwaambia "ah" wakifikia uzeeni. Naiamini, na naishika. Lakini aya ile haikumuhutubu binti aliyebaki peke yake. Anayenipigia simu kutoka Unguja au Dar es Salaam kunambia "mvumilie, mama ni mama" amesema kweli, ila ajue uvumilivu huo na yeye ana fungu lake.

Basi nyinyi mnaoteremka bandarini Mkoani na mabegi ya sikukuu, laleni kwa mama. Mkogesheni, mpeni dawa zake, na maneno yake yasikilizeni nyinyi, ili dada yenu avae vizuri awapeleke watoto kwenye kiwanja cha sikukuu cha Tibirinzi bila ya kuangalia saa. Na mkiombana radhi, muombeni na yeye.

Sikukuu ya tatu, baada ya alasiri, nipo nyumbani inshaallah. Mwenye mama kama wangu na aje. Chai ya tangawizi ipo, visheti vipo, na tutazungumza mpaka magharibi. Idi Mubarak.