Soli Yako Nayo Ina Kesi

Kwako Zuhura,

Salamu nyingi, na pole sana kwa goti. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nilicheka kidogo (unisamehe) pale uliposema maji kwenye vigae ndiyo yaliyokuangusha. Maji yana hatia, sikatai, lakini soli yako nayo ina kesi ya kujibu.

Mpira wa soli, kama wa tairi, hushika kwa njia mbili. Pakiwa pakavu hujibandika, molekuli zake zikagusana na sakafu na kung'ang'ania. Maji yakijipenyeza katikati, hata utando tu, mshiko huo karibu wote unakwisha. Inabaki njia ya pili, nayo inatokana na uvivu. Mpira ukipita juu ya kijiwe cha lami hubonyea, kisha huchelewa kurudi. Uso wa kijiwe unaoupokea mpira unakandamizwa sana. Upande wa pili mpira unachelewa kufika, unagusa kidogo tu. Tofauti hiyo ndiyo breki, na nishati inayopotea inageuka joto. Tabia hii huitwa mnato-nyumbufu: nusu springi, nusu asali.

Sasa tazama kasi. Tairi lililofunga breki likiburuzika mita 10 kwa sekunde juu ya vijiwe vya milimita 1, hubonyezwa mara 10,000 kila sekunde! Kupima hivyo maabara ni kazi. Bahati nzuri, mtafiti Grosch alionyesha mwaka 1963 kwamba kwa msuguano wa mpira, kuongeza kasi ni kama kupunguza joto. Ndiyo maana watengeneza matairi huukanda mpira polepole kwenye nyuzi 0 za Selsiasi ili kubashiri breki za siku ya mvua, hata kama barabara yenyewe haitaona barafu kamwe. Kwenye nyuzi 60, kipimo cha tairi linalobingirika tu, wanataka kinyume: upotevu wa nishati uwe mdogo, tairi lisile mafuta. Mpira uleule, mvivu hapa, mwepesi pale. Silika (unga wa madini ya jamii ya mchanga) ilipoanza kuchukua nafasi ya masizi yanayochanganywa kwenye mpira miaka ya 1990, mgongano wa mahitaji hayo mawili ulipungua.

Vigae vyako vilivyong'arishwa havina vijiwe vya kuubonyeza mpira, kwa hiyo ulikosa njia zote mbili. Tena viatu vyenyewe ni vya miaka. Mpira ukizeeka hukakamaa. Bonyeza soli kwa ukucha. Ikiwa ngumu kama plastiki, usivivae tena penye maji, hata kama mistari yake bado mizima.

Na yule aliyepiga deki akaondoka bila kumwambia mtu, mmeshapatana?

Wako,
Salma