Kufunika vitone si kuandika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu vitabu vya watoto vya kufuatisha herufi, vile vyenye herufi za vitone ambazo mtoto hupitisha penseli juu yake. Wazazi wanavinunua kwa nia njema kabisa, na sisi walimu wa chekechea tunavitumia kila siku. Sivipingi. Ninachopinga ni mazoea ya kumpa mtoto ukurasa, kumwacha peke yake, kisha kurudi na kumwekea alama ya vema kwa sababu vitone vyote vimefunikwa.

Ukurasa uliojaa hauelezi mkono umepita wapi. Kaa karibu na watoto wanaofuatisha herufi "a" uwatazame. Mmoja ataanzia chini, apandishe kijiti, ainue penseli, kisha azungushe duara kwa kufuata mwendo wa saa. Mwingine ataruka kutoka kitone hadi kitone, akiinua penseli kila mara, mpaka umbo likamilike. Wa tatu ataanzia juu upande wa kulia, azungushe kwenda kushoto, arudi juu alikoanzia, halafu ateremshe mkia bila kuinua penseli. Zikusanye kurasa zao: zinafanana, na wote watapata vema. Ila ni yule wa tatu tu aliyekuwa anajifunza kuandika. Tofauti itajitokeza wakianza kuandika maneno mazima. Mkono uliozoea kuanzia chini unachelewa, mkia unaachana na duara, na "a" inasomeka kama "o" na "i" zilizosogeleana. Kumwachisha mtoto mwendo mbaya uliokwisha kuota mkononi ni kazi ngumu kuliko kumfundisha asiyejua kabisa.

Kufuatisha herufi hakukuanza juzi. Quintilian, mwalimu wa Roma wa karne ya 1, alishauri herufi zichongwe kwenye ubao ili kalamu ya mtoto ipite ndani ya mifereji yake isipotee njia. Maria Montessori, aliyefungua shule yake ya kwanza ya watoto wadogo mjini Roma mwaka 1907, alitumia herufi zilizokatwa kwenye karatasi ya msasa. Mtoto huzipapasa kwa kidole cha shahada na cha kati huku akisikia na kutamka sauti ya kila herufi. Lakini kabla ya mtoto kugusa, mwalimu hutangulia yeye, polepole, mtoto akitazama. Hatua hiyo ndiyo tuliyoiruka tulipoanza kutegemea kurasa za vitone.

Tena vitone vyenyewe havitakiwi kukaa muda mrefu. Mwaka 2012 Karin James wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, na mwenzake Laura Engelhardt walichapisha utafiti wao juu ya watoto wa miaka mitano ambao walikuwa bado hawajajua kusoma. Watoto hao walijizoeza herufi kwa njia tatu: kuziandika wenyewe, kuzifuatisha, na kuzibonyeza kwenye kibodi. Baadaye wakaonyeshwa herufi hizo wakiwa ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo. Sehemu za ubongo zinazotumika katika kusoma zilionyesha kazi kwa herufi walizokuwa wameziandika wenyewe. Kufuatisha na kubonyeza hakukuleta matokeo hayo. Mimi naona sababu iko wazi darasani. Anayeandika mwenyewe hutoa "k" iliyolala, "k" yenye mguu mrefu, "k" iliyobanana, na kwa kuzihangaikia hizo zote anaelewa ni kitu gani hasa kinachoifanya herufi iwe "k". Juu ya vitone, uamuzi wote umeshafanywa na mchapaji.

Kwa hiyo nafuatisha na watoto wangu kwa kidole kwanza, kisha kwa penseli mara chache tu, halafu vitone vinapungua hadi kinabaki kile cha kuanzia. Mwisho ni mstari mtupu. Mtoto akimaliza, namwambia azungushie ile herufi anayoiona nzuri kuliko zote. Wanachagua vizuri kuliko watu wazima wanavyodhani.

Mpangilio wa vitabu nao unanisumbua. Kuanza na a, e, i, o, u kunafaa kwa kusoma, maana silabi zetu zimesimama juu ya irabu. Kwa mkono ni habari nyingine. Herufi zenye mwendo mmoja zikae pamoja: c, o, a, d, kisha n, m, h, b. Mtoto aliyepokea "d" kama ndugu wa "a", inayoanza kwa kuzungusha, na "b" kama herufi ya kijiti kwanza, hazichanganyi kwa urahisi. Zenye mistari ya mshazari, kama k, v na z, zingoje, kwa sababu mtoto huweza mstari wa kusimama na duara muda mrefu kabla ya kuweza pembetatu.

Na wale wa mkono wa kushoto? Karibu kila kitabu huchapa herufi ya mfano kushoto mwa mstari, mahali ambapo mkono wao unaifunika mara tu wanapoanza kuandika. Kisha tunawashangaa kwamba wanakosea.

Nawaomba wachapishaji waweke kitone cha kuanzia na mshale kwenye kila herufi, mfano uwe pande zote mbili za mstari, na walau nusu ya ukurasa iachwe bila vitone. Wazazi nawaomba wasihesabu kurasa. Herufi tatu mkiwa mmeketi pamoja, macho yako kwenye ncha ya penseli, zinatosha kwa siku moja.

Mwalimu wa chekechea