Mwanafunzi wangu aliiona ile saa

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka 19 bila kukuandikia hata mstari mmoja. Ripoti yenu ya Jumapili iliyopita juu ya masomo “yasiyo na tija” imenimaliza uvumilivu. Mwandishi wenu alipanga orodha ya masomo anayotaka yaondolewe kwenye ratiba za shule, na la kwanza likawa langu, somo la vyombo vya habari. Kumfundisha mtoto kutazama televisheni, aliandika, ni sawa na kumfundisha samaki kuogelea. Walimu wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, maana samaki anajua kuogelea na bado huingia ndani ya dema kwa mapezi yake mwenyewe.

Sijui mwandishi wenu anadhani tunafanya nini darasani. Labda anatuona tumekaa tunatazama tamthilia mpaka kengele ilie. Wiki ya kwanza ya muhula huwa nawarudisha wanafunzi kwenye jaribio la mtengeneza filamu Mrusi Lev Kuleshov, la mwanzoni mwa karne ya 20. Alichukua picha moja ya uso wa mwigizaji, uso mkavu usioonesha chochote, akaiunganisha na picha ya bakuli la supu, kisha akaiunganisha na picha ya jeneza. Watazamaji wakasifu jinsi mwigizaji alivyoonesha njaa, na jinsi alivyoonesha huzuni. Uso ulikuwa ule ule. Wanafunzi wangu hulirudia jaribio hilo kwa simu, wakimpiga picha mwenzao, na kila mwaka huwapo anayeapa kwamba macho ya mwenzake yamebadilika. Hapo ndipo somo linapoanza: maana haikai ndani ya picha peke yake, inazaliwa pale picha mbili zinapounganishwa, na aliyeziunganisha haonekani. Mtoto asiyeambiwa hivyo ataligunduaje?

Lakini kilichonifanya niandike si Kuleshov. Miaka mitatu iliyopita kituo kimoja cha televisheni kilikuja shuleni kwetu kutaka maoni ya mwalimu juu ya watoto na televisheni. Tulizungumza darasani kwangu kama dakika 40. Nilisema, na nayakumbuka maneno yangu: “Wazazi wengi huniambia televisheni inawaharibu watoto wetu. Hata mimi niliwahi kuamini hivyo. Leo naona kinachowaharibu ni kuachwa peke yao mbele yake.” Mazungumzo yalipokwisha, mpiga picha akabaki anapiga picha za mikono yangu, anapiga picha za vitabu rafuni, halafu akaigeuza kamera kwa mwandishi wa kituo, naye akatikisa kichwa kana kwamba bado ananisikiliza, na mimi nilikwishasimama nafuta ubao. Nilijua picha zile ni za nini. Ndizo zinazowekwa juu ya kiungo pale maneno yanapokatwa, ili mtazamaji asione mruko. Sikulalamika, kwa sababu kukata si kosa. Kipindi cha nusu saa hakiwezi kubeba kila kitu. Jioni nikajiona kwa sekunde 14. “Televisheni inawaharibu watoto wetu,” nikasema. Ikaja picha ya mikono yangu. Kisha nikamalizia, “na hilo hatuna budi kulipiga vita.” Mhariri, maneno hayo ya mwisho niliyasema dakika nyingi baadaye, nilipoulizwa juu ya udanganyifu kwenye mitihani! Sauti ni yangu, uso ni wangu, kila neno ni langu, na kauli nzima si yangu. Kesho yake mkuu wa shule aliniita ofisini. Mzazi mmoja akaniuliza mbele ya mwanawe kwa nini nachukua mshahara kwa kufundisha kitu ambacho mwenyewe nakiita sumu. Sikuwa na la kumjibu ambalo angeliamini, kwa sababu alikuwa ameniona na kunisikia kwa macho na masikio yake.

Aliyeniokoa ni msichana wa miaka 14, wa safu ya nyuma, ambaye kwa kawaida hanyoshi mkono. Nilipoingia darasani alisema, “Mwalimu, ile saa.” Nyuma ya kichwa changu kulikuwa na saa ya ukutani. Kabla ya picha ya mikono ilikuwa inasoma 4:10. Baada ya picha ya mikono ilisoma 4:35. “Hapo katikati ulisema nini?” akaniuliza. Watu wazima wote walioitazama taarifa ile, wakiwemo walimu wenzangu, hawakuiona. Yeye aliiona kwa sababu muhula mzima tulikuwa tumefundishana kuuliza kiko wapi kilichokatwa. Nilikiandikia kituo. Nilijibiwa kwa mistari mitatu kwamba ilibidi kuhariri kwa ajili ya muda. Hakuna aliyeomba radhi mpaka leo.

Na kwa kuwa sasa nimeanza, niseme na la matangazo ya biashara. Baba yangu ni mzee na masikio yake ni mazito. Huongeza sauti ili asikie wahusika wa tamthilia wanavyonong’onezana, mara tangazo la sabuni linamlipukia, anashtuka, anaipapasa rimoti asiione. Watangazaji hujitetea kwamba tangazo halizidi kipimo cha juu cha sauti kinachoruhusiwa. Ni kweli, na ndiyo hila yenyewe: sehemu za chini za sauti hunyanyuliwa mpaka zote zikaribiane na kile kipimo cha juu, hivyo tangazo zima linapiga kelele bila kupumua, wakati tamthilia ina minong’ono na vilio vyake. Dawa yake imejulikana siku nyingi. Mwaka 2010 umoja wa watangazaji wa Ulaya ulipendekeza sauti ipimwe kwa wastani wa jinsi sikio linavyoisikia, si kwa kilele chake, na mwaka huo huo Marekani ikapitisha sheria ya kuyazuia matangazo yasizidi sauti ya vipindi, ikaanza kutumika Desemba 2012. Mtu yeyote anayekaa kwenye chumba cha kusubiri daktari, televisheni ikiwa imening’inizwa juu ukutani na hakuna mgonjwa anayejua rimoti iko wapi, anajua ninachosema. Mtu ana homa, ana wasiwasi na majibu ya vipimo, na hana hata haki ya kimya.

John Logie Baird aliwaonesha wanasayansi televisheni yake mjini London mwezi Januari 1926. Tangu hapo tumewafundisha watoto kuchambua shairi mstari kwa mstari, na ni vyema, nami nayapenda mashairi. Ila chombo kinachokaa nao sebuleni kuliko shairi lolote mnataka wakikabili mikono mitupu.

Ombi langu ni dogo na linatekelezeka. Kila mahojiano ya televisheni yafanywe mbele ya saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, na saa hiyo isiondoke kwenye picha tangu mtu anapofungua kinywa hadi anapokifunga. Ikiwa lazima mikono ioneshwe, ioneshwe na saa pembeni. Saa si ghali. Mwandishi wenu naye namkaribisha darasani kwangu, siku yoyote atakayochagua, akae safu ya nyuma karibu na yule msichana.

Na barua hii, mhariri, kama nafasi haitoshi, ipunguzeni. Naomba tu kila mnapokata mweke nukta tatu.

Mwalimu wa somo la vyombo vya habari