Gauni la kichekesho

Mhariri,

Mara ya mwisho kukuandikia ilikuwa juu ya mifereji kukauka mtaani kwetu, na hukuichapisha. Nikanyamaza miaka. Lakini ile ripoti yenu ya juzi, ya wazazi wanaolalamika kwamba filamu za mashoga ndizo zinazowaharibia watoto, imenishinda kumeza.

Filamu gani hizo? Rafiki ya Wanuri Kahiu, ya wasichana wawili wanaopendana, ilipigwa marufuku na bodi ya filamu Aprili 2018, na hiyo ndiyo filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikailegezea kamba siku 7, watu Nairobi wakajaa kumbini, siku zikaisha, mlango ukafungwa. I Am Samuel, ya mwanamume Mkenya anayempenda mwanamume mwenzake, ikafuata 2021, nayo marufuku. Katuni 6 za watoto zilikwisha kukatazwa 2017 kwa madai hayohayo ya ushoga, mwaka uleule mkuu wa bodi hiyo alipodai simba wawili madume wa Maasai Mara, waliopigwa picha wakipandana, lazima wameiga watu, wakatengwe wachunguzwe. Sasa mimi fundi wa nguo wa Nakuru, mwenye cherehani mbili na simu ya kioo kilichopasuka, hiyo filamu ya kuniharibu ningeionea wapi?

Nilichokiona ni vichekesho. Hivyo havijapigwa marufuku na mtu.

Novemba 2022 alikuja dukani kiongozi wa kikundi cha vichekesho, akataka gauni la mwanamume. Liwe jekundu, la kubana, na sponji nyuma, kwa sababu kuna mhusika shoga. (Kwetu Mombasa nilikozaliwa, shoga ni mwenzako, mwanamke mwenzako unayemwita kwa mapenzi. Siku hizi nikimwita jirani yangu hivyo hapa dukani, wateja wanageuka kunitazama. Hata neno letu wametunyang'anya.) Nilikata kitambaa mwenyewe. Pindo alilishona kijana niliyekuwa nikimfundisha kazi, mtaratibu, mwenye sauti nyembamba na mkono mwepesi kuliko wangu. Gauni likapelekwa kwenye harambee, ukumbini mwa kanisa. Mwigizaji akatembea vile wanavyotembea wote katika vichekesho hivi, akapepesa kope, akalegeza mkono, akaanguka na kuonyesha bukta. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mchungaji alicheka. Mimi pia nilicheka, Mhariri, tena nilikuwa kiti cha mbele, nikiangalia kama mshono unashika. Kijana wangu alikuwa amesimama mlangoni. Jumatatu yake, watoto wa mtaa wakawa wanamwita kwa jina la yule mhusika. Halafu vijana wa bodaboda. Halafu wateja wangu, watu wazima, wanaingia kuchukua sare za shule na kumwambia, hebu tembea kidogo tuone. Februari 2023 Mahakama ya Juu iliposema chama cha kutetea haki za watu hawa hakiwezi kunyimwa usajili, redio zikawaka moto wiki nzima, na mtaani mtu wa kumalizia hasira hiyo alikuwa mmoja tu, yule mwenye jina. Jioni moja akarudi dukani na shati limechanika begani, akakaa, akalishona mwenyewe bila kusema neno, akafunika cherehani. Hakurudi tena. Kama alikuwa au hakuwa, sijawahi kumuuliza, na wala haikunihusu. Nilimfundisha kuunga kola.

Kwa hiyo mnapoandika kwamba fikra za watu zinabadilika kwa sababu ya filamu, ulizeni zimebadilika kuelekea wapi na zimebadilishwa na nani. Kahiu alieleza kwamba bodi ilimtaka abadilishe mwisho wa filamu yake kwa kuwa ulikuwa na matumaini na haukuonyesha majuto. Hapo ndipo nilipoelewa mambo yetu. Shoga wa kuchekwa tunamlipia kiingilio. Shoga anayepata kofi la mwisho na kulia tunamvumilia. Anayebaki hai, akaitwa kwa jina lake na mtu anayempenda, huyo ndiye anayevunja maadili.

Na hivyo vikundi vya vichekesho vinavyojifanya walinzi wa maadili, waulizeni mafundi. Wanachukua nguo kwa arbuni ya shilingi 500 na ahadi, wanaigizia, wanairudisha ina jasho na poda, wanasema haikufaa. Mwingine aliniachia joho zima la hakimu. Nitalivaa wapi?

Pendekezo langu ni dogo. Kwa kuwa bodi inajua kuwaagiza watu miisho ya hadithi zao, basi iagize kwamba kila kichekesho chenye mhusika wa namna hiyo kimalizikie njiani. Kamera imfuate aliyechekwa kutoka ukumbini hadi chumbani kwake, bila kukatwa, apite kituo cha bodaboda, apite kibanda cha chipsi, apite pale kwenye kona isiyo na taa. Kutoka dukani kwangu hadi alikokuwa akikaa yule kijana ni dakika 12. Watazamaji wasiruhusiwe kutoka kabla hazijaisha, na mchungaji akae kiti cha mbele.

Halafu gauni lile jekundu silidai tena, lakini salio lake nalidai: shilingi 1,400. Kiongozi wa kikundi akisoma hapa, duka analijua.

Fundi wa nguo,
Nakuru