Safari ya Mama: Tanga hadi Washington

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, na tunamshukuru Mungu kusikia kwamba nyote hapo Chumbageni mu wazima. Umeuliza kwa nini nashikilia Mama apitie Addis Ababa ilhali tiketi ya Dubai haipishani nayo sana kwa bei.

Kutoka Dar es Salaam hadi Washington, mtu angeruka moja kwa moja, ni takriban kilomita 12,700. Ndege ya namna hiyo haipo, hivyo hana budi kubadilisha njiani. Kwa Addis Ababa atakwenda kama kilomita 1,750, kisha 11,550, yaani nyongeza ya kilomita 600 tu. Kwa Dubai ataanza kwa kuipa Marekani kisogo karibu kilomita 4,000, ndipo ageuzwe kwa nyingine 11,400. Tofauti ya njia hizo mbili inazidi kilomita 2,000, ambazo ni zaidi ya saa mbili za kukaa kitini, na magoti ya Mama unayajua.

Ramani ya ukutani isikutie shaka kwa kuonyesha kwamba njia fupi ni kukata Kongo na kuvuka Atlantiki. Ukivuta uzi juu ya tufe kutoka Addis Ababa hadi Washington, utapita Sudani, Libya na Uhispania. Jambo la kumweleza Mama mapema ni kwamba Addis Ababa iko juu sana, kama meta 2,300 kutoka usawa wa bahari, na kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi, ndege nzito haiwezi kupaa ikiwa imejaa mafuta na abiria kwa safari yote. Kwa sababu hiyo ndege zinazokuja huku zimezoea kutua njiani kuongeza mafuta, na kwa kawaida abiria hubaki vitini. Asiteremke akidhani amefika. Wakati wa kurudi ndege hupaa kutoka Washington, ambako ni chini, karibu na usawa wa bahari, na upepo wa juu huisukuma kuelekea mashariki, hata ikafika Addis Ababa bila kutua, kwa muda wa kama saa 13.

Saa zilizoandikwa kwenye tiketi zisomwe kwa uangalifu, kwani kila mji huandikiwa saa zake. Mwezi wa Januari ninyi mko mbele yetu kwa saa 8. Akiondoka Dar es Salaam Jumatatu saa 11 jioni na kusafiri saa 24 kamili, hapa atafika Jumanne saa 3 asubuhi, na anayehesabu kwa tiketi tu atadhani ametumia saa 16.

Naomba pia msimpandishe basi la Tanga siku ile ile ya ndege. Alale Dar es Salaam usiku mmoja, apumzike. Kiti cha magurudumu nitamwombea wakati wa kukata tiketi, na ndani ya ndege asimame na kutembea kila baada ya muda ili miguu isivimbe.

Nijulishe kabla ya Ijumaa, Baba, nipate kulipia.

Mwanao akupendaye