Kwa wazazi na walezi wa wanabendi
Ndugu wazazi na walezi,

Baadhi yenu mmeuliza iwapo mazoezi ya bendi hayawapunguzii watoto muda wa masomo, nami naona swali hilo linastahili jibu la maandishi. Mtoto anayepiga klarineti peke yake chumbani anaweza kuharakisha apendavyo, lakini akiwa ndani ya bendi hulazimika kuhesabu mapigo ya kimya, wakati mwingine kwa ukurasa mzima (wapiga tarumbeta wanalijua hili vizuri), kisha aingie kwa wakati bila kusukumwa na mtu. Kabla ya wimbo wa kwanza, kila mmoja hurekebisha ala yake ifuate sauti moja, kwa kawaida ile ya mitetemo 440 kwa sekunde, na hapo ndipo anapojifunza kumsikiliza mwenzake. Kwa maoni yangu, faida hiyo inazidi vikombe vya mashindano. Aidha, mwanafunzi mgeni huketi kando ya mzoefu ambaye darasani wasingekutana.

Mtoto akilalamika kuchoka, tafadhali msimwondoe kabla ya onyesho la kwanza, kwani majuma magumu zaidi ni yale ambayo sehemu za wimbo bado hazijaungana. Mwenye swali na aulize hapa kikundini.